Mjomba Baldo na Mistari Mitatu

Siku hizi mji wetu wa Firenze umepatwa na homa ya wafu. Si wafu wetu, tuliowazika kwa mikono yetu, la. Ni wafu wa Warumi, waliokufa miaka elfu moja na zaidi iliyopita. Mtu akichimba shimo la choo akaokota pua ya sanamu, watu wanatoka mbio kuja kuibusu. Ikisikika kwamba watawa fulani wana kitabu kikuukuu, mabwana wenye majoho mekundu wanapanda nyumbu hata kama mvua inanyesha. Wanasema kati ya Warumi na sisi kulikuwa na giza tupu, na watu walioishi humo hawakujua kusoma vizuri, kuandika wala kufikiri. Sasa, wanasema, kumekucha. Mimi Piera, mjane wa Agnolo muuza ngozi za kuandikia, nimelisikia neno hilo dukani kwetu mpaka masikio yameota sugu. Nami nataka kusema habari za mtu mmoja wa hilo giza lao. Alikuwa mjomba wangu, aliitwa Baldo, na hakuna bwana hata mmoja atakayemsemea.

Mjomba alizaliwa milimani, Casentino, kwa Nuto mchoma mkaa. Tauni ya pili iliwazoa wote nyumbani kwao, wakabaki wawili tu: yeye, na dada yake Tessa, ambaye ndiye mama yangu. Mama aliteremshwa mjini kuwa mtumishi wa ndani. Baldo, mwenye miaka minane, alipelekwa kwenye monasteri ya Mtakatifu Egidio pamoja na jibini mbili, na abati, mkuu wa watawa, alizipokea jibini kwanza. Hakuwekwa nadhiri hata mara moja maishani mwake. Aliwekwa kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa kumhudumia Bruda Ormanno, mnakili wa nyumba ile: mtawa mrefu, mwenye kibyongo, asiyecheka ila anapoona mtu kajikwaa. Baldo alichonga kalamu za manyoya ya bata bukini, akachora mistari kwenye ngozi, akachemsha wino na kuuonja kwa ncha ya ulimi kujua kama umeiva. Desturi hiyo hakuiacha hadi kufa. Midomo yake ilikuwa myeusi kama ya mtoto aliyekula zabibu, na watoto wangu walimkimbia siku ya kwanza walipomwona.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja juu ya kunakili, na kila mtawa aliyeshika kalamu alifundishwa hiyo kabla ya sala: andika unachokiona, usiandike unachokijua. Ukikuta herufi ya duara, iandike duara. Ukikuta kosa, likosee vilevile. Maana wewe ni nani hata umsahihishe aliyekutangulia? Mahali pengine mnakili alisoma neno, kisha akaliandika kwa mwandiko wake wa kila siku. Mtakatifu Egidio walinakili hata umbo la herufi, kama mtu anayefuata nyayo kwenye theluji.

Sasa, katika kabati la kanisa kulikuwa na kitabu cha Mrumi mmoja kuhusu kilimo: mizabibu, mbolea, nyuki. Watawa wa zamani wa nyumba ileile ndio waliokiandika, hakuna ajuaye lini, kwa herufi za mviringo zilizosimama mbalimbali, zenye nafasi ya kupumua. Wakati wa Ormanno hakuna aliyeandika hivyo tena. Watu wote, na yeye mwenyewe, waliandika herufi nyeusi, zenye ncha, zilizobanana. Paa likavuja, kitabu kikaingia ukungu, na abati akaamuru kinakiliwe kabla hakijawa uji.

Ormanno alikifanya kwa majira matatu ya baridi. Jicho lake moja likafa, la pili likawa linatoa machozi. Alipofika sura ya nyuki hakuona tena mstari, basi kurasa nane za mwisho aliziandika Baldo, akiwa na miaka kumi na mitano, mwalimu wake amekaa nyuma yake akisikiliza mkwaruzo wa kalamu. Ukizitazama kurasa zile huwezi kujua mkono wa mzee umeishia wapi na wa kijana umeanzia wapi.

Kazi ilipokwisha, Ormanno alidai kalamu. Akainamia ukurasa wa mwisho, pua inagusa ngozi, akaandika mistari mitatu kwa ule mwandiko wake wa kila siku, mweusi, wenye ncha.

"Mbona unabadilisha mkono, Bruda?" Baldo akamwuliza. "Si tunaandika tunachokiona?"

"Haya sijayaona popote, mwanangu. Haya ni yangu. Hapa sinakili, hapa nasema."

Akamweleza. Katika ile tauni kubwa ya kwanza, Ormanno alikuwa kijana, hajawa mtawa. Mama yake aliugua. Akaomba maji. Ormanno alichukua mtungi kama anayekwenda kisimani, akauweka mlangoni, akaondoka, hakurudi. Alisikia akiitwa kwa jina mpaka kwenye kona ya njia. Ndiyo maana mstari wa kwanza ulikuwa na jina lake na mwaka, wa pili ulikuwa na jina la Baldo mwana wa Nuto aliyemwazima macho, na wa tatu ulimwomba kila asomaye amwombee yeye Ormanno, na mama yake aliyekufa na kiu.

"Huko toharani sina mtu," Ormanno akasema. "Sina mke, sina mtoto, ndugu zangu wote walikufa. Sina ila huyo atakayefungua kitabu hiki. Baldo, usiache mistari hii ifutwe. Niapie."

Baldo akaapa. Mzee akafa kabla ya Kwaresima. Kile kitabu kilichooza watawa wakakikatakata: kurasa nyingine wakafunikia mitungi ya asali, nyingine wakatia ndani ya viatu. Nani angejua kwamba siku moja watu wataililia takataka ile?

Mjomba akabaki Mtakatifu Egidio, akanakili sala na vitabu vya nyimbo, akazeeka. Kila aliyekifungua kitabu cha kilimo Mjomba alimwonyesha ukurasa wa mwisho na kumwomba apige magoti kidogo. Kwa miaka thelathini na sita walipatikana watu tisa. Aliwajua kwa majina. Mmoja alikuwa mfugaji nyuki wa Bibbiena ambaye hakujua kusoma, bali alitaka kusomewa, na huyo, Mjomba alisema, ndiye aliyeomba kwa moyo kuliko wote.

Kisha akaja Bwana Zanobi.

Huyu alikuwa mtu wa Firenze, mwana wa wafanyabiashara wa sufu, aliyeacha sufu akaoa Kilatini. Kucha safi, sauti nyororo, kila mahali anaitwa Mwalimu. Alifika na nyumbu wawili, akamletea abati kasha la lozi zenye sukari na divai ya Kigiriki. Abati alikuwa mzee wa kusinzia mezani. Kufika jioni Bwana Zanobi alikuwa amefunguliwa kabati. Alipoufunua ule ukurasa wa kwanza wa mizabibu akapiga yowe, akakibusu kitabu, akalia machozi ya kweli. Mjomba alikuwapo, ndiye aliyeshika mshumaa.

"Mnakiona hiki?" Bwana Zanobi akasema. "Hizi ni herufi za Warumi wenyewe! Kabla washenzi hawajaja kutuharibia mkono! Miaka elfu moja kimelala kitu hiki kwenye mavi ya panya!"

"Bwana," Mjomba akasema, "samahani. Kitabu hicho kimeandikwa na Bruda Ormanno. Wino wake nimeuchemsha mimi."

Bwana Zanobi akamtazama kuanzia viatu. "Wewe mzee? Umeuchemsha wewe? Na Kaisari je, ulimkandia unga?"

Watawa wakacheka. Hata abati aliamka, akacheka bila kujua kisa.

"Tazama mwisho, Bwana. Jina lake lipo, na mwaka upo."

Bwana Zanobi akafunua mwisho, akaitazama ile mistari mitatu myeusi, akakunja uso. "Ndiyo ninayosema. Herufi za dhahabu, na chini yake mtawa mvivu kaja kuandika jina lake kwenye ukuta wa mwenzake. Hebu linganisha mwenyewe, mzee. Mkono huu ndio uliozaa ule?"

Hapo ndipo uaminifu wa Ormanno ulipomgeuka. Angeandika jina lake kwa herufi za mviringo, angeaminiwa. Lakini alifuata sheria ya nyumba yake, na sheria hiyo mabwana wa mjini hawakuijua wala hawakuuliza. Wao walikwisha kuamua kwamba watu wa giza hawawezi kuandika kitu kizuri. Basi kila kizuri walichokikuta gizani, walisema si cha wenyeji.

Abati alikiazimisha kitabu mpaka Sikukuu ya Mtakatifu Yohane. Ahadi ni deni, wanasema wahenga, lakini wahenga hawakumjua Bwana Zanobi. Mtakatifu Yohane akapita, akapita tena. Abati akafa. Mjomba akavaa viatu vyake vya mbao, akafunga mkate wa njugu za msituni kwenye kitambaa, akashuka mjini kwa miguu siku tatu. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu.

Alifikia kwetu. Agnolo mume wangu alimpenda tangu siku ya kwanza, nalisema hilo mapema kwa sababu mbele huko halitaaminika. Walitaniana kama vijana.

"Mjomba, hebu kula mkate wa watu," Agnolo alimwambia. "Huko kwenu mnakula chakula cha nguruwe."

"Mkate gani huu usio na chumvi? Nguruwe wetu wangeukataa."

"Ee, na wewe sema kweli. Huko milimani mkimwona mtu amevaa soksi mnampigia magoti."

"Tunampigia magoti asituibie, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja."

Nilikwenda naye nyumbani kwa Bwana Zanobi, maana peke yake angepotea kwenye vichochoro. Tulipoingia ukumbi wa juu tulikuta meza sita, na kila meza ina mwandishi mmoja ameinama. Mbele yao, juu ya kisimamio, kitabu cha Ormanno kimefunuliwa. Walikuwa wakinakili umbo la herufi. Herufi kwa herufi, kwa jasho, ndimi nje. Mjomba alisimama mlangoni akawatazama muda mrefu.

"Huyu wa dirishani anaishika kalamu vibaya," akaninong'oneza. "Herufi hizi haziandikwi kwa bega."

Bwana Zanobi akaja na tabasamu lake. "Aa, mzee wa Kaisari! Karibu."

"Nimekuja kuchukua kitabu chetu, Bwana. Na nimekuja kukuonyesha kitu." Mjomba akamwomba yule wa dirishani ampishe. Akachonga kalamu upya, akauonja wino, akatema, akaandika mstari mmoja wa sura ya nyuki, kwa kichwa, bila kutazama. Waandishi wote sita wakainuka kuja kuona. Mimi sijui herufi, lakini najua nyuso za watu, na nyuso zile zilijua.

Hata Bwana Zanobi alijua. Nitakwenda nalo kaburini hilo: kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, mtu yule aliujua ukweli. Kisha akaupangusa usoni kama makombo.

"Mnaona?" akawaambia vijana wake. "Mnaona nguvu ya Warumi? Hata mchunga mbuzi akikaa karibu nao miaka arobaini, wanamwambukiza."

Mjomba akasema, "Bwana Zanobi, kurasa nane za mwisho ni zangu."

"Mzee wangu, keti." Akamshika bega, sauti ikawa asali. "Kitabu hakirudi mlimani, huko kitaoza. Hilo sahau. Lakini mkono kama wako sijauona Firenze nzima. Kaa hapa, wafundishe hawa, ninakilie vitabu. Utakula vizuri."

"Na mistari mitatu ya mwisho?"

"Ile? Ile itabidi ifutwe. Kuna bwana mmoja mkubwa, mwenye benki, anajenga chumba cha vitabu. Hatapokea kitabu cha Warumi chenye matapishi ya mtawa."

Mjomba alibadilika rangi. Akaniangalia mimi, akaangalia kitabu, na nikaona anapima. Hakuwa na mtu wa kumshitakia. Hakuwa na karatasi ya azimo. Alikuwa na mkono wake tu.

"Nitakufanyia kazi," akasema, "mpaka nitakapokufa au utakapokufa. Na sitaweka jina langu popote. Lakini mistari ile isiguswe. Niapie, Bwana."

Bwana Zanobi akaapa, mkono kifuani, mbele yangu na waandishi sita.

Ndivyo alivyokaa kwetu miaka kumi na moja. Kila asubuhi alikwenda kunakili Warumi kwa herufi za Mtakatifu Egidio. Vitabu vyake viko Roma, viko Milano, viko kwa maaskofu. Vijana aliowafundisha wamefundisha wengine, na leo kila mwenye kujiita msomi anaandika hivyo, na anauita mwandiko wa kale. Usione vyaelea, vimeundwa. Kila Pasaka alimwuliza Bwana Zanobi, "Mistari yangu?" na kila Pasaka alijibiwa, "Ipo, mzee, wasiwasi wa nini?" Kuiona hakuruhusiwa. Kitabu kilikuwa kimekwenda kwa mwenye benki, chumba chake hakijaisha kujengwa, makasha yamefungwa.

Chumba kikaisha. Mwenye benki akatangaza kwamba mtu yeyote ajuaye kusoma anaweza kuingia akasoma, tajiri au maskini. Mji mzima ukamsifu. Mjomba alivaa joho la marehemu baba yangu, akanitaka nimsindikize, kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kumwacha.

Kitabu kilikuwa juu ya meza, kimefungwa kwa mnyororo mwembamba. Mjomba alikaa. Hakuanzia mwanzo. Aliyapita mashamba, akaipita mizabibu, akawapita nyuki wake mwenyewe, akafika ukurasa wa mwisho.

Ulikuwa mweupe chini.

Aliupitisha kidole. Akauinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha, akageuza kichwa, akautazama kwa ubavu. Msomi mmoja kijana aliyekaa karibu akamwambia kwa upole, "Mzee, hapo hakuna kitu. Maandishi yameishia juu."

Mjomba aliniambia mimi, taratibu, kama mtu anayesoma, "Kisu cha kukwangulia wino kimevutwa kutoka kulia kwenda kushoto. Aliyefanya hivi anatumia shoto. Na kuna mtu alimshikia ukurasa, kwa sababu haukukunjamana. Wameushika vizuri sana."

Firenze yote iliyafahamu maduka ya ngozi, yanayofuta wino na kushona vitabu, na mwenye shoto alikuwa mmoja. Mtaani walimwita Agnolo wa Shoto.

Na aliyeshika ukurasa nilikuwa mimi.

Ilikuwa mwezi wa kwanza tu tangu Mjomba aanze kazi. Mtumishi wa Bwana Zanobi alileta kitabu dukani kwetu kishonwe upya, kikiwa kimefunguliwa mafungumafungu. Mchana ule Mjomba yuko kazini. Agnolo akaniita, "Piera, hebu njoo unishikie hapa, kuna doa la wino." Nikaosha mikono unga, nikaja, nikaushika ukurasa kwa vidole vinne. Sijui kusoma. Lakini macho ninayo, na niliona. Nikamwambia, "Doa gani hili limejipanga mistari mitatu?" Agnolo akacheka. Nami nikacheka, nikaushika mpaka mwisho. Kisha nikarudi kukanda mkate, na jioni nikampakulia Mjomba kunde.

Nilijua? Padri ameniuliza mara nyingi. Sikujua. Lakini ningeuliza mara ya pili ningejua, na sikuuliza mara ya pili.

Siku ile ya maktaba tulirudi nyumbani. Agnolo alikuwa mezani. Mjomba akaketi mahali pake, akamega mkate, akatafuna.

"Mlikiona?" Agnolo akauliza, macho yako kwenye bakuli.

"Nilikiona. Kazi safi, Agnolo. Hukutoboa."

Agnolo akaweka kijiko chini. Uso wake ulianguka nikauona. "Mjomba. Bwana Zanobi peke yake alikuwa nusu ya duka hili. Angetuhama, watoto wangekula nini? Nilisema, mistari mitatu tu. Mtu mwenyewe alikwisha kufa siku nyingi."

"Ndiyo. Ndiyo maana aliihitaji."

"Ningekwambia ungeacha kazi. Ungerudi mlimani ukafe na njaa. Nilikuonea huruma, haki ya Mungu!"

"Miaka kumi na moja," Mjomba akasema, "nimefanya kazi nikilinda ngozi tupu. Kila Pasaka nilimwambia Ormanno, tulia, ipo. Na wewe ulikuwa unanipitishia chumvi."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilitaka kusema nami nilikuwapo, niliushika. Badala yake nikainuka kuongeza mkate. Alijua, bila shaka, kwa maana alikuwa amenieleza mwenyewe kule dirishani. Lakini hakunitaja siku ile, wala siku nyingine yoyote, na kunyamaza kwake kumenila kuliko ambavyo tusi lingenila.

Kesho yake alimwendea Bwana Zanobi. Bwana Zanobi hakukana. Alisema kitabu kimerudi kilivyokuwa siku za Warumi, na kwamba siku moja vizazi vitamshukuru. Akamuuliza, "Na huyo Ormanno wako ni nani? Nani mwingine aliwahi kumsikia?" Hapakuwa na mwingine. Fadhila ya punda mashuzi, lakini angalau punda haapi mkono kifuani.

Wiki iliyofuata Mjomba alikwenda tena maktaba, peke yake. Alificha kalamu kwenye mkono wa joho na wino kwenye kichupa cha dawa. Alikaa, akafunua mwisho, akaanza kuirudisha mistari. Alikuwa amefika katikati ya jina la mwalimu wake mlinzi alipomwona. Wasomi walipiga kelele kwamba mshenzi anachafua kitabu cha Warumi. Mmoja wao, niliambiwa, alikuwa mwanafunzi wake, naye aligeuza uso. Wakamburuta kwenye ngazi, wakamtupa nje, na kuanzia siku hiyo jina lake likawekwa mlangoni kama jina la mwizi.

Walimletea Agnolo kazi ya kufuta nusu-jina lile. Agnolo alikataa, na kwa hilo namshukuru ingawa lilichelewa. Akaifanya mwingine, mwenye kisu kizito, naye akatoboa. Hivi leo pale palipoandikwa Ormanno pana tundu la kupita kunde. Nasikia mabwana wanabishana kuhusu tundu hilo. Wengine wanasema ni la panya, wengine la mdudu wa ngozi. Mmoja ameandika kwamba ni alama ya uzee mkubwa wa kitabu.

Mjomba hakushika kalamu tena. Mwaka wake wa mwisho alikaa jikoni kwangu, akimenya vitunguu, midomo ikarudi kuwa na rangi ya watu. Alinifundisha mistari ile mitatu kwa mdomo, neno baada ya neno, mpaka nikaweza kuisema bila kukosea. Alinikemea kama mwanafunzi. "Usiseme unachokijua, Piera. Sema ulichokisikia." Akafa siku ya Mtakatifu Martino, mchana, akiwa ameketi. Agnolo alilia kuliko sisi sote, akamfuata msimu wa baridi uliopita.

Sasa nimebaki mimi, na kifua changu si kizuri. Watoto wangu hawataki kujifunza mistari. Wanasema, Mama, hayo ni mambo ya zamani. Ndiyo maana nimemwita Bwana Giusto, mwandishi wa mikataba wa mtaani kwetu, na nimemsemea haya yote naye ameyaandika. Anaandika kwa zile herufi za mviringo. Nilimwuliza amezipata wapi. Akasema kwa fahari, "Za Warumi hizi, Mama Piera."

Nimemwambia kwamba hadithi si sala, na kwamba hapa mwisho aiweke mistari mitatu yenyewe, kama Ormanno alivyoiandika, ili kila atakayesoma amwombee. Nimemtamkia yote, polepole, mara mbili. Amekuna kichwa. Akasema itaharibu umbo la ukurasa, nafasi ni ndogo, na nani siku hizi anamalizia maandishi hivyo. Nimemwambia aiweke. Akainama, kalamu ikakwaruza kidogo, akapuliza wino.

Anasema ameiweka.